Daftari la Mgeni

Kwenye mlango wa jikoni ilibandikwa karatasi ya zamu, na karatasi hiyo ndiyo iliyoitawala nyumba. Baba alikuwa mwoka mikate. Alitoka kabla ya jua, akarudi saa nane mchana akinuka hamira, akalala kidogo, kisha akashika zamu yake saa kumi na moja jioni. Bibi, yaani mama yake Baba, alishika tangu asubuhi hadi saa tisa. Mama alijifungua kwa upasuaji na bado alikuwa anatembea ameinama, lakini usiku wote ulikuwa wake, maana yeye ndiye mwenye maziwa. Ikabaki saa tisa hadi saa kumi na moja, saa ambayo watoto wote wa mtaa walikuwa nje wakiruka kamba. Hapo paliandikwa jina moja tu: Karani.

Karani lilikuwa jina la utani. Binti huyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote pale nyumbani. Mdogo wake alipozaliwa, mwembamba, na miguu kama vijiti vya kusukia, nesi wa zahanati aliwapa agizo. "Nunueni daftari," alisema. "Kila zamu iandikwe: amenyonya mara ngapi, amelala vipi, amechafua nepi ngapi, amefanya jambo gani jipya. Mtoto mdogo namna hii hawezi kuniambia kitu. Daftari litaniambia." Basi Baba akamkabidhi binti yake daftari na kalamu, akasema kuanzia siku hiyo yeye ni karani wa nyumba, na wengine wakimaliza zamu zao wamwambie yeye aandike.

Mtoto mwenyewe walimwita Mgeni. Baba alisema ni mgeni tu anayeweza kuingia nyumbani kwa watu, akaamsha kila mtu, akala bila kuomba, na bado akapewa kitanda.

Na mgeni huyo alikuwa amewachosha, jamani, msiseme. Wiki tatu zilikuwa zimepita bila mtu kulala sawasawa. Nepi zilitanda ukumbini kwa sababu kamba ya nje ilijaa. Baba alisinzia kwa kusimama, bega mlangoni, kijiko mdomoni. Karani naye alikuwa amesinzia darasani mara mbili wiki hiyo, na mara ya pili mwalimu alimwambia aende akanawe uso, darasa zima likacheka.

Lakini kilichochosha zaidi ya kilio cha Mgeni ni ule mjadala.

Ulianza siku ya tano na haukukoma. Upande mmoja alikuwa Bibi. Upande wa pili alikuwa Mjomba, kaka mkubwa wa Mama, fundi cherehani aliyeishi chumba cha pili na kushonea nguo barazani kwao. Mjomba alikuwa na goti moja lililovimba mara kwa mara. Watu wote walijua ni goti la cherehani, kwa kukanyaga pedali miaka ishirini, na mwenyewe alitania kwamba goti hilo limeshona sare za nusu ya mji.

"Atahiriwe kabla mwezi haujaisha," Bibi alisema jioni moja, kama alivyosema jioni zilizotangulia. "Baba yake alitahiriwa akiwa na siku ishirini. Kidonda kilipona upesi, nikasahau kama kilikuwepo. Mwenyewe hata hakumbuki. Au nasema uongo?"

"Sikumbuki, Mama," alijibu Baba, amefumba macho.

"Kutokumbuka si ruhusa," alisema Mjomba kutoka barazani. "Mwili ni wa mtoto. Ngoja akue, mumwulize. Akitaka, sawa. Asipotaka, sawa."

"Ala! Na chanjo aliulizwa? Na kuoga je? Kila asubuhi analia kama anachunwa ngozi, na kila asubuhi namwogesha. Mtoto haulizwi, mtoto anatunzwa!"

"Chanjo inamkinga na maradhi ya sasa hivi, Mama. Hili linaweza kusubiri. Kitu kikishakatwa hakirudi. Mimi ni fundi, nalijua hilo. Napima mara tatu ndipo nitie mkasi."

"Nesi mwenyewe kasema tohara inapunguza baadhi ya magonjwa. Hukusikia?"

"Nimesikia. Nimesikia pia akisema mtoto anaweza kuumia, kidonda kikaingia uchafu, damu ikatoka. Mbona hiyo huisemi?"

"Ndiyo maana nasema sasa, akiwa mdogo!" Bibi alipiga paja. "Unataka asubiri afike miaka kumi na minne? Aone haya, aogope, alale kitandani wiki tatu?"

Pedali ya cherehani ikasimama. Karani, aliyekuwa anakunja nepi karibu na mlango, alimwona Mjomba akitazama kitambaa mkononi mwake kama mtu aliyesahau anashona nini. Kisha goti likaendelea, taratibu.

"Jamani," alisema Mama kutoka chumbani, "mtoto alikuwa amelala."

Hakuwa amelala tena. Baba alijifuta uso kwa kiganja. "Alhamisi," alisema. "Alhamisi nina mapumziko. Tumpeleke zahanati, akatahiriwe, yaishe. Sina nguvu ya kuwasikiliza tena." Mama alitikisa kichwa kukubali, ila alikubali kwa uchovu tu, na hata Karani aliona tofauti yake.

Sasa, kabla ya Alhamisi hiyo kulikuwa na Jumamosi, na Jumamosi hiyo Karani alifanya jambo.

Mgeni alikuwa na kucha ndogo kali ajabu, na alijikwaruza uso kila mara. Bahati mbaya alipenda kujikwaruza katika zamu ya Karani. Bibi akiona mstari mwekundu shavuni alisema, "Haya tena, hii ilikuwa zamu ya nani?" huku akijua fika ilikuwa ya nani. Mama alikuwa amesema waziwazi kwamba kucha za mtoto atazikata yeye mwenyewe, na kwamba mtu mwingine asizisogelee. Lakini Mama hakuzikata. Kila siku alisema kesho.

Jumamosi hiyo Mama, Bibi na Baba walikuwa wamelala, na Mjomba alikuwa amepeleka nguo kwa mteja. Karani alikuwa peke yake na Mgeni ukumbini. Alichoka kulaumiwa. Akaenda barazani, akachukua mkasi mdogo wa Mjomba wa kukatia nyuzi, akakaa, akakishika kidole kidogo cha mtoto. Ukucha wa kwanza ulikatika vizuri. Wa pili pia. Wa tatu, Mgeni akavuta mkono, na mkasi ukakata ncha ya kidole.

Damu ilitoka. Si nyingi, tone tu. Karani alichukua kipande cha kitambaa cheupe kutoka kwenye kapu la Mjomba, akakibana kidole. Ikakoma. Akashusha pumzi. Baada ya nusu saa ikaanza tena, na kitambaa kikalowa. Akabadilisha. Ikakoma, ikaanza. Alitumia vitambaa vitatu mpaka zamu yake ikaisha.

Mama alipotoka chumbani, Karani alikuwa amekwisha kumvisha mtoto soksi mkononi, kama walivyozoea kumvisha asijikwaruze.

"Mbona umemvisha soksi?" aliuliza Mama akimpokea.

"Amejikwaruza," alisema Karani.

Mama alikuwa amechoka mno kuuliza swali la pili.

Jumapili asubuhi soksi ilikuwa nyekundu ndani. Karani aliiwahi kabla ya Bibi, akaifua chooni, akamvisha nyingine. Jumapili jioni ikalowa tena. Jumatatu, kabla ya kwenda shule, akaifua ya tatu. Jumatatu jioni ndipo kidole kilipokauka kabisa. Siku mbili, kwa kidole kidogo kuliko punje ya hindi! Karani alifungua daftari, akatazama mistari mitupu ya siku hizo, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Amelala vizuri. Hakuna jambo.* Akaandika hivyo mara tatu, kwa siku tatu.

Jumatano mchana Mama alimpa karatasi iliyotoka zahanati. "Msomee Bibi yako," alisema. "Anataka kujua kesho inahitajika nini. Mimi macho yananiuma."

Bibi alikaa kitako, akaweka mikono magotini, akasikiliza. Karani alisoma. Mtoto awe amenyonya. Mtoto awe ameoga. Aje na mzazi wake. Waje na nepi safi na shuka. Kisha macho yake yakafika mstari wa tano: *Kama mtoto amewahi kutoka damu ikachelewa kukoma, au kama kuna ndugu katika ukoo mwenye hali hiyo, mtuambie kabla hatujamgusa.*

  Akafikiri: lakini ilikoma, si ilikoma mwishowe? Akafikiri juu ya Mama aliyekataza, na juu ya Baba aliyemwita karani wa nyumba mbele ya watu. Akaruka mstari.

"Na wafike saa mbili asubuhi," alisoma.

"Basi hayo tu?" aliuliza Bibi.

"Hayo tu, Bibi."

"Afadhali," alisema Bibi, akainuka kwa kushika ukuta.

Alhamisi walikwenda wote, hata Mjomba. Baba alimwuliza kwa nini anajisumbua wakati yeye ndiye aliyepinga. Mjomba alisema amefunga cherehani siku moja, haitaanguka. Alitembea nyuma yao akichechemea. Karani alibeba mfuko wa nepi, na daftari likiwa ndani yake. Mfuko ulikuwa mwepesi, lakini mkono wake ulimuuma tangu nyumbani hadi zahanati.

Nesi aliwapokea katika chumba kidogo chenye meza, viti vitatu na dirisha lililopakwa rangi nyeupe hadi nusu. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya chini, na alikuwa amevua viatu chini ya meza kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba. Nyuma yake, juu ya kimeza cha chuma, kulikuwa na sinia lililofunikwa kitambaa cha kijani. Karani alilitazama, akashindwa kuondoa macho.

"Nani kaamua?" aliuliza nesi.

Wakatazamana. Bibi akasema yeye. Mjomba akasema si yeye. Baba akasema ni uchovu. Na mjadala ukaanza upya pale pale, kuulizwa na kutokuulizwa, sasa au baadaye, mpaka nesi akainua mkono.

"Ngojeni kwanza. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita, na mjadala huu nimeusikia kwa kila lugha ya uchovu. Bibi, unayosema yapo. Tohara ina faida kwa afya, na kidonda cha mtoto mchanga hupona upesi. Nawe mjomba, unayosema yapo. Mtoto mwenye afya hafi kwa kusubiri, na wako watu wengi, hata madaktari, wanaoona kwamba mwenye mwili aachiwe aamue akikua. Wenye akili zao wamebishana na hawajamaliza. Sitamaliza mimi asubuhi hii. Kazi yangu ni kuhakikisha mtoto anayeingia hapa mzima anatoka mzima. Nina maswali."

Aliuliza kama mtoto anakojoa vizuri. Ndiyo. Kama amepata homa. Hapana.

"Amewahi kutoka damu ikachelewa kukoma?"

"Hapana," alisema Mama.

"Hapana," alisema Bibi.

Baba alitikisa kichwa. Mjomba alitazama dirisha.

"Nipeni daftari," alisema nesi.

Karani alilitoa. Nesi akavaa miwani, akafungua ukurasa baada ya ukurasa, kidole chake kikifuata mistari. Uso wake uliochoka ukalegea kidogo. "Nani anaandika hivi?" aliuliza. "Wewe? Lo! Nina miaka mingi sijaona daftari lililotunzwa namna hii. Wazazi wengi huniletea karatasi moja yenye doa la chai. Hili naliamini." Akalifunga, akaweka kiganja juu yake. "Haya, Mama, mvue mtoto."

Neno lile, *naliamini*, ndilo lililomwangusha. Laiti nesi angemkaripia, huenda angenyamaza. Karani aliona mikono ya Mama ikifungua vifungo, akaliona sinia, akasikia sauti inasema kwa nguvu, "Msimkate!" Ilikuwa sauti yake.

Wote waligeuka.

"Ni uongo," alisema, na machozi yakaanza kabla ya maneno mengine. "Hapo kwenye Jumamosi. Na Jumapili, na Jumatatu. Nimeandika uongo. Nilimkata kidole kwa mkasi wa Mjomba. Damu ilitoka siku mbili. Ikikoma inaanza tena. Nilifua soksi damu isionekane. Na jana kwenye karatasi palikuwa na swali la damu, Bibi, nikaliruka."

  Bibi alishika ukingo wa meza.

Nesi hakupiga kelele. Alimchukua mtoto, akamgeuza taratibu kwenye mwanga wa dirisha, akainua mkono wake. Chini ya kwapa, pale vidole vya mtu vinapomshika mtoto akiinuliwa, kulikuwa na alama mbili za bluu.

"Hizi mmeziona?"

"Nilidhani ni alama za kuzaliwa," alisema Mama kwa sauti ndogo.

Nesi alimfunika mtoto, akamrudisha kwa mama yake. Kisha akaliondoa sinia, akalipeleka chumba cha pili, akarudi, akaketi. "Sasa sikilizeni. Mtu akikatwa, damu inatakiwa igande, ijifunge yenyewe. Kwa watu wengine inachelewa. Wanazaliwa hivyo. Si laana, si kosa la mtu yeyote. Mara nyingi hali hiyo hupitia kwa mama, bila mama mwenyewe kuumwa, ikawapata watoto wa kiume. Mtoto wa namna hiyo akikatwa bila matayarisho..." Akavua miwani. "Kwa hiyo nauliza swali nililopaswa kulitanguliza. Mama, katika ukoo wenu, kuna mwanamume anayetoka damu kwa muda mrefu?"

"Hayupo," alisema Mama. "Nina kaka mmoja tu, na ni huyu hapa."

Kila mtu alimtazama Mjomba. Mjomba alitazama goti lake.

"Nilitahiriwa nikiwa na miaka kumi na minne," alisema. "Wewe dada ulikuwa hujui hata kutembea. Damu haikukoma. Walinibeba hospitali, nikalala huko wiki tatu, watu wawili wakatolewa damu kwa ajili yangu. Nilipotoka, baba yetu akaniambia nisimwambie mtu, watu watasema mimi ni mgonjwa, sitapata kazi wala mke. Nikanyamaza. Jino liliponitoka, nikanyamaza. Na goti hili..." alilishika kwa mikono miwili, "goti hili si la cherehani. Damu huingia ndani. Daktari aliniambia zamani."

"Kaka!" Mama alisema. "Wiki tatu unabishana pale barazani, na hili hukulisema?"

"Nilitaka kumwokoa bila kujiaibisha. Nikapata hoja nzuri, nikaishika."

"Hoja yako ni nzuri kweli," alisema nesi. "Mwenyewe naiheshimu. Lakini umeitumia kama pazia, bwana fundi. Hawa watu wangekushinda kwa hoja, wakamkata mtoto, na wewe umesimama hapa hapa chumbani unatazama dirisha."

 Mjomba alijifuta uso kwa mkono wa shati lake, fundi mzima, na Karani akahisi aibu yake na ya Mjomba zimekaa kwenye benchi moja.

Bibi ndiye aliyelia kwa sauti. "Ningempeleka mwenyewe!" alisema. "Kwa mikono yangu hii! Mume wangu mdogo huyu!" Baba akamshika bega, akamwambia basi, Mama, basi, hajakatwa, tazama, yupo.

Hakutahiriwa siku hiyo. Nesi aliandika barua ya kwenda hospitali kubwa, Mgeni akatolewa damu kidogo sana ya kupimwa, pamoja na Mjomba, na wakaambiwa wasubiri.  Walipofika nyumbani Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mtoto kifuani, akamwita.

"Nimekasirika," alisema, "na nimeshukuru, na sijui kipi kimetangulia. Ulifanya nilichokataza, ukanidanganya usoni, ukamdanganya Bibi yako. Hilo sitalisahau wiki hii. Na umesema mbele ya watu wote kabla hajaguswa. Hilo sitalisahau maisha. Sasa nenda ukanawe mikono. Zamu yako imefika."

Majibu yalichukua siku tisa. Baba na Mjomba ndio walioyafuata, na waliporudi walikaa barazani bila kuvua viatu. Ilikuwa kama nesi alivyohofia: damu ya Mgeni ilichelewa kuganda, sawa na ya Mjomba wake. Lakini daktari alisema watoto wa hali hiyo wanakua, wanasoma, wanazeeka, mradi watu wao wajue. Dawa ipo. Asichomwe sindano, asing'olewe jino, asipasuliwe popote bila mtu kusema kwanza. Tohara haikufutwa moja kwa moja, ila isifanywe zahanati. Siku ikitakiwa, ni hospitali kubwa, kwa matayarisho. Na Mjomba alipangiwa siku ya kutazamwa goti lake, goti la damu na si la cherehani, baada ya miaka ishirini ya kulificha.

"Basi mmenishinda," alisema Bibi.

"Hapana, Mama," alisema Mjomba. "Hakuna aliyeshinda."

Bibi akamwita Karani alete daftari. "Nisomee zile siku tatu," alisema.

Karani alisoma, ameinamisha shingo: amelala vizuri, hakuna jambo. Amelala vizuri, hakuna jambo.

"Chora mstari juu yake. Sasa andika ilivyokuwa."

Ilimchukua muda. Aliandika mkasi, kidole, vitambaa vitatu, soksi tatu. Mjomba alisogea akaomba kalamu, na chini yake, kwa mwandiko uliopinda, akaandika yake: miaka kumi na minne, wiki tatu, jino, goti.

"Sasa fungua ukurasa wa mwisho kabisa," alisema Bibi. "Andika: *Mgeni akikua, aulizwe mwenyewe anataka nini. Bibi anasema ndiyo, Mjomba anasema angoje, daktari aulizwe kabla ya wote.* Umeandika? Vizuri. Nisipokuwepo, mtasoma hapo."

Kisha akamvuta mjukuu wake karibu, akamwekea mkono kichwani. Macho ya Bibi yalikuwa mekundu kwa usingizi wa wiki tano.

"Sikiliza, Karani. Sisi watu wazima tulibishana juu ya mtoto huyu wiki tatu, kwa sauti kubwa, na kila mmoja alikuwa na neno zuri. Kumbe maneno mazuri yote hayakuwa na thamani ya ule ukweli mmoja mliouficha, wewe na Mjomba wako. Mtu hawezi kuamua vizuri kwa habari za uongo, hata awe na akili namna gani, hata ampende mtoto namna gani. Ukikosea, sema. Ukiogopa kusema, sema kwamba unaogopa. Tutakukemea, ndiyo, maana hata sisi tunachoka. Lakini kukemewa kunapita jioni hiyo hiyo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Haya. Mimi nakwenda kulala."

Wakatawanyika mmoja mmoja. Saa ilikuwa tisa na nusu, zamu ya Karani. Nje watoto walikuwa wanaruka kamba, na cherehani ya Mjomba ilianza polepole. Karani alikaa sakafuni karibu na kitanda cha Mgeni. Alimtazama usoni, akamtazama vidole vyote kumi, kimoja kimoja, akainua mikono yake na kutazama chini ya makwapa. Akasikiliza pumzi yake mpaka akaridhika.

Ndipo akafungua daftari, akaandika: *Amelala vizuri. Hakuna jambo.*